Kona za Kulia

Lori lilipiga honi mara mbili fupi na moja ndefu, likapunguza mwendo mapema kuliko ilivyohitajika, likapanda mizani taratibu kama mgeni anayekanyaga zulia la watu. Nikaweka kikombe chini. Ndani ya lori lile hamkuwa na mtu, hamkuwa hata na usukani. Lakini nimeolewa na mtu anayeendesha hivyo, na nilimjua.

Naitwa Tupokigwe, karani wa mizani ya magari makubwa nje kidogo ya Tukuyu. Miaka tisa imepita tangu sheria ikataze binadamu kushika usukani kwenye barabara kuu. Malori ya kampuni ya Ngiri hushuka Kyela na kurudi Mbeya yenyewe, na kazi yangu ni kuhakikisha hayazidishi uzito. Miaka yote hiyo yalikuwa yakipanda mizani kwa namna moja: yanakuja, yanafunga breki, yanasimama, yanaondoka. Hayakuwahi kumsalimia mtu.

Lile la kwanza lilikuja Jumatatu. Kufika Jumatano yalikuwa kumi na moja. Ijumaa, saa saba kamili mchana, malori yote yaliyokuwa njiani yalijiegesha pembeni, yakawasha taa za tahadhari, yakatulia dakika ishirini na tano. Makao makuu ya Ngiri wakanipigia kuuliza kama kuna ajali. Nikawaambia hakuna. Sikuwaambia kwamba saa saba ndiyo saa mume wangu anayokula ugali, na kwamba dakika ishirini na tano ni pamoja na kunawa.

* * *

Mume wangu, Asajile, aliendesha malori miaka kumi na tisa. Sheria ilipokuja alirudisha leseni, akapewa cheti cha shukrani ambacho jina lake lilikuwa limekosewa, akaja nyumbani akakaa kwenye kochi. Siwezi kusema alikaa miaka minane mfululizo, maana Jumapili alikuwa akiinuka kwenda kanisani. Siku nyingine alinifuata jikoni kunielekeza namna ya kuizunguka meza bila kupoteza mwendo.

Binti yetu, Lugano, anayesoma Dodoma, alimwekea mchezo wa mbio za magari kwenye televisheni akidhani utamchangamsha. Alicheza dakika kumi akazima.

"Hii si barabara," alisema. "Barabara unaijua kwa makalio. Hapa makalio hayana habari yoyote."

Wiki iliyofuata alianza kujenga jukwaa.

Hospitali ilikuwa inanadi vitanda vya umeme vilivyochakaa. Asajile alinunua mota zinazoinua mgongo wa mgonjwa, tatu kutoka vitanda vya watu wazima. Ya nne ilitoka kitanda cha wodi ya watoto, kwa sababu vya wakubwa vilikuwa vimekwisha. Alichomelea fremu ya chuma uani, akafunga mota moja kila pembe, akaziunganisha kwa viungo vya propela ya pikapu ili jukwaa liweze kuinama upande wowote bila kuvunjika. Juu yake akakaza kiti cha basi la zamani, bado kina namba kumi na nne kwa nyuma. Pedali ya cherehani yangu ikawa klachi. Hilo nililigundua nilipokaa kushona sare ya kwaya, mguu ukakanyaga sakafu.

Lote hilo liliwekwa sebuleni, kwa kuwa mlango wa stoo ulikuwa mwembamba. Kochi likatolewa barazani. Nilikuwa nimeomba kwa miaka minane lile kochi lipate pumziko.

Siku ya kwanza kuliwasha, jukwaa lilimrusha mpaka kwenye kabati la vyombo. Siku ya pili lilitikisika hivi kwamba mchungaji, jirani yetu, alikuja kuuliza kama tunahama. Shida ilikuwa kwamba Asajile alitaka jukwaa lifanye kila kitu ambacho gari hufanya, na sebule yetu ni hatua tano kwa nne. Ilimchukua mwezi kuelewa. Alinieleza mezani, kwa sahani na yai la kuchemsha.

"Gari likiongeza mwendo, mgongo unasukumwa kwenye kiti. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Mimi sina pa kukimbilia humu ndani. Lakini nikikulaza nyuma kidogo kidogo, usijue, huku macho yanaona barabara inakuja mbio, uzito wako mwenyewe ndio unaokusukuma kwenye kiti. Mwili unaapa kwamba tunakwenda." Aliinamisha sahani, yai likabingirika ukingoni. "Kona ya kulia, nainua upande wa kulia, unaelemewa kushoto kama kwenye gari. Kona ya kushoto, kinyume chake."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Ni uongo uliopimwa," alisema, akala lile yai.

Ngiri walikuwa na ligi yao mtandaoni. Waliipima barabara nzima ya Mbeya hadi Kyela kwa mashine zao, kona kwa kona, mpaka viraka vya lami, wakaigeuza mchezo. Asajile alijiunga, na wiki ya tatu akawa wa kwanza. Wengine walikuwa vijana wenye majukwaa ya dukani yaliyothibitishwa. Yeye alikuwa na vitanda vya wagonjwa na miaka kumi na tisa ya barabara ile ile. Kila siku saa saba aliegesha lori lake la mchezo mahali salama, akawasha taa za tahadhari, akaja mezani. Na bado aliwashinda.

Alianza kunyoa ndevu. Alianza kuimba bafuni. Nilikuwa nimerudishiwa mume, sikuona sababu ya kusoma kanuni za ligi. Nilizisoma baada ya honi zile. Kifungu cha kumi na saba kilisema kwamba mwendo wa mshindi wa kila wiki utatumika kufundishia malori.

* * *

Sitaficha, mwanzoni nilifurahi. Mayai yalifika Mbeya mazima. Maparachichi hayakuwa na michubuko. Nilipomwambia Asajile kwamba malori yote yanaendesha kama yeye, alikwenda akasimama kando ya barabara mchana kutwa akiyatazama yakipita. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Barabara yetu ina lami.

Jumamosi moja, wiki kadhaa baadaye, nilikwenda kumwona mama yangu, Gwantwa, anayeuza viazi na maparachichi kwenye kona ya Kibumbe pamoja na wanawake wengine sita. Kona ile, ukiwa unashuka Kyela, inakata kulia, na upande wa nje una ukingo mpana wa changarawe. Hapo ndipo wanapokaa.

"Haya magari yenu yamepata adabu," mama alisema hata kabla sijakaa. "Yananisalimia vizuri. Halafu yanataka kuniua."

"Yanakuua vipi, mama?"

Alinionyesha vijiti vinne alivyovichomeka kwenye changarawe. "Hiki cha kwanza ndipo tairi lilipopita wiki honi zilipoanza. Hiki cha pili, siku chache baadaye. Kila yakisogea nasogea. Hapa nilipo, nyuma yangu ni mtaro. Nikirudi nyuma tena, nitawauzia vyura."

Nilikuwa bado natazama vijiti lori lilipotokea juu. Lilipiga honi zake, likaingia kona kwa ulaini wa ajabu, na matairi ya kushoto yakashuka kwenye changarawe. Yalipita juu ya kijiti cha nne. Yalipita juu ya ndoo ya maparachichi ya Mama Ipyana, jirani wa mama, ambaye dakika ile ile alikuwa amekwenda kunywa maji. Kisha likarudi kwenye lami na kuendelea zake, bila kuyumba hata kidogo.

Mama Ipyana alirudi na kikombe mkononi, akaitazama ndoo iliyolala bapa, na kigoda chake kilichobaki karibu nayo. Alikunywa yale maji yaliyobaki kwanza.

* * *

Asajile alikuwa kwenye jukwaa nilipofika nyumbani. Fainali ilikuwa Alhamisi.

"Niwekee kona ya Kibumbe," nikamwambia. "Mwendo wako wa wiki iliyopita, kama ulivyouendesha. Halafu ushuke, nikae mimi."

"Na gauni hilo?"

"Na gauni hili."

Nilifunga mkanda. Mota zikanguruma, barabara ikaja kwenye skrini, na nikaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuimba bafuni. Kona ya kushoto ilinielemeza kulia mpaka nikashika kiti kwa mikono miwili. Breki ilinisogeza mbele, kilemba kikanishukia usoni. Nilikipandisha haraka, maana Kibumbe ilikuwa inakaribia.

Ikafika. Macho yaliona barabara inakata kulia. Mwili haukuona chochote. Nilikaa kama mtu anayesubiri kikao kianze, huku kwenye skrini tairi la kushoto likitafuna changarawe.

"Mota ya kulia nyuma," nilisema alipolizima jukwaa.

Asajile aliinama kuitazama. "Ndiyo ile ya kitanda cha mtoto. Inachoka kuniinua."

"Ulijua."

"Nilijua inachelewa. Kwenye kona za kulia sikuwa nahisi gari linavyovutwa nje, nikawa naliachia. Baadaye nikaizoea." Alijikuna shingo. "Halafu kule pembeni palikuwa wazi, Mama Lugano. Nikipitia pale napata sekunde nzima."

"Pale pembeni amekaa mama."

"Kwenye mchezo hakuna mtu."

Nikamuuliza kutoka Mbeya hadi Kyela kuna kona ngapi za kulia. Nilijua ataijua hesabu.

"Mia moja na kumi na nne."

"Na ngapi zina watu?"

Hapo alianza kuzitaja, si kwa namba, kwa watu. Kona ya muuza miwa. Kona ya wale ndugu wawili wa ndizi za kuchoma. Kona ya kinyozi mwenye kioo kilichopasuka. Kona ya kituo cha wanafunzi, jioni. Alipofika ya ishirini na kitu sauti ilipungua, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa lake.

"Nipe mpaka Alhamisi," alisema. "Natafuta mota nyingine. Naendesha fainali sawasawa, na malori yatajifunza upya. Wiki mbili, tatu, yatasahau."

"Na nikisema leo?"

"Watanitoa. Kanuni ya tatu, jukwaa la kujitengenezea haliruhusiwi." Hakulalamika, alikuwa kama anayenisomea hali ya hewa. "Nitarudi nje pale, kwenye kochi."

Kama angefoka, ningekataa. Nikampa mpaka Alhamisi, na sijivunii.

Alimpigia mama yangu mwenyewe, akamwomba kwa heshima zote apumzike nyumbani siku chache, magari hayako sawa. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Nitapumzika, mwanangu," mama alijibu. "Na hao wa kona nyingine umeshawapigia?"

* * *

Jumatatu nilifungua mizani kama kawaida. Mpaka saa nne nilikuwa nimeruhusu malori kumi na manne. Kutoka kwangu mpaka Kibumbe ni dakika kumi na mbili, na kila lori lilipoondoka nilijikuta nikitazama saa. Zikipita kumi na mbili bila simu kulia, napumua, halafu lingine linaondoka. Mtu hawezi kufanya kazi hivyo.

La kumi na tano lilipanda. Uzito sahihi, nyaraka sahihi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kufungua kizuizi, na hakikubonyeza. Sheria inampa karani wa mizani mamlaka ya kuzuia gari bovu. Nikaandika kwenye mashine: *limezuiwa, kasoro ya uendeshaji*. Nikazuia na lililofuata, na jingine.

Kufika saa sita na nusu malori thelathini na moja yalikuwa yamepangana nyuma ya kizuizi, kila moja likimsalimia aliye mbele yake, mbili fupi na moja ndefu, na aliye mbele akiitikia. Watu wa jirani walitoka na viti. Saa saba kelele zikakoma ghafla. Malori yalikuwa yanakula.

Katika utulivu huo akafika mhandisi wa Ngiri kutoka Mbeya, mwanamke mrefu aitwaye Kabula, viatu vyake vikiwa vipya kuliko barabara nzima.

"Kasoro gani, dada?" aliuliza. "Huku kwetu kila kitu kinasoma sawa."

"Yanaendesha kama mume wangu."

Alinitazama kwa huruma. "Dada, mambo ya nyumbani yanaweza kumsumbua mtu hata kazini. Ninaelewa."

"Simaanishi hivyo. Yanaendesha kama Asajile Mwambene, anayeongoza ligi yenu. Jukwaa lake ni bovu upande wa kulia, na malori yenu yameujifunza ubovu huo. Njoo uone."

Nyumbani tulimkuta Asajile amelala chini ya jukwaa, bisibisi mdomoni, akiifungua mota ya kitanda cha mtoto. Mbadala hakuwa amepata. Aliona viatu vya Kabula kwanza, halafu vyangu. Alitoka, akafuta mikono, akampa mkono. Angeweza kusema anatengeneza kitanda. Nilimwona akilifikiria.

"Ni mota ya kulia nyuma," alisema. "Ngoja niirudishe, ujaribu mwenyewe."

Kabula alivua viatu, akapanda. Dakika ya kwanza alikunja uso. Dakika ya pili alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyesahau kwamba yuko kazini. Sisi tulisimama mlangoni kama wazazi kwenye bembea. Kisha zikaja kona za kulia, moja, ya pili, ya tatu, na kicheko kikaisha. Aliposhuka alishika ukuta.

"Tulikaa maabara miaka minne kutengeneza jukwaa," alimwambia Asajile. "Halijawahi kunidanganya hivi. Kwenye kona za kushoto nilikuwa Kyela." Kisha akachukua simu na kuamuru kila lori la Ngiri lisimame lilipo.

Alichukua kompyuta yenye mienendo yote. Jukwaa aliliacha, ila jina la Asajile lilifutwa kwenye ligi pale pale, mbele yake. Mota zilipokatiwa umeme jukwaa lilishuka pembe moja moja mpaka sakafuni.

"Samahani, kaka," Kabula alisema akivaa viatu. "Kanuni."

"Ndiyo," Asajile alisema. "Najua."

* * *

Hakusema nami siku sita. Hakufoka, hakununa waziwazi. Alikuwa tu hana neno kwangu. Mchungaji alipokuja kututembelea, tukala wote, Asajile alimwomba yeye amwombe mama wa nyumba ampitishie chumvi. Mchungaji aliniomba. Nikampa mchungaji chumvi. Ilikuwa karibu na Asajile kuliko mimi.

Mwenyewe nilijiuliza maswali. Huenda malori yasingemgonga mtu pale Kibumbe mpaka Alhamisi. Mama Ipyana angeweza kuwa na kiu kila mara. Nilijaribu kujiona nimekaa kimya na mambo yameisha salama, na sikuweza kumwona mwanamke yule akinywa chai kwa raha.

Siku ya saba Kabula alirudi. Malori yalikuwa yamerudishiwa masomo yao ya zamani, yale ya kuja, kusimama na kuondoka. Lakini alikuwa ameshindwa kulala, alisema, kwa ajili ya jambo moja: katika ramani yao yote, mpaka viraka vya lami, hawakuwa wameweka watu. Mashine ziliona binadamu aliyesimama barabarani, hazikujua nani hukaa wapi na saa ngapi. Alitaka mtu apite njia nzima na kuandika.

"Nani anawajua?" Asajile aliuliza, kana kwamba hakujua jibu.

Kesho yake asubuhi lori lilipanda mizani, na ndani mlikuwa na mtu. Alikaa mahali ambapo zamani pangekuwa na usukani, daftari gotini, mguu wa kulia ukikanyaga sakafu kutafuta breki. Alitazama mbele. Nami nilitazama kipimo.

Ngiri hupakia malori yao kwa kompyuta, mpaka kilo ya mwisho inayoruhusiwa. Nikafungua dirisha.

"Limezidi uzito," nilisema.

"Mzigo ni ule ule wa kila siku." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki nzima.

"Mzigo hauna tatizo. Kilichozidi ni wewe. Kilo themanini na mbili."

Alinigeukia taratibu. Nyuma yake yalikuwa yamejipanga malori mengine manane, na hapakuwa na mtu wa kutuona. Ningeweza kubonyeza tu. Nilifikiri hata yeye alikuwa anasubiri nibonyeze, ili tuwe tumekosa wote wawili, turudiane kwa njia hiyo.

"Shuka, Baba Lugano," nikasema.

Mabega yakaanza kumtikisika, na nilichukua muda kutambua kwamba anacheka. Alifungua mlango, akashuka na daftari lake. Kipimo kikarudi mahali pake. Alisema jambo kwenye kifaa alichopewa na Kabula, lori likaitikia kwa mlio mdogo.

"Nimeliambia linifuate nyuma," alisema. "Kona ya kwanza si mbali."

"Utakwenda Kyela kwa miguu?"

"Nitakwenda mpaka nitakapochoka, na kesho nitaanzia hapo. Kwenye gari nilikuwa nawapita hawa watu, sijui hata majina yao yote."

Nikafungua kizuizi. Alipita kwa miguu, na lori likamfuata kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na yale manane, nilipoyapima moja moja, nyuma yake, kwa kuwa nafasi ya kupita haikuwapo. Kwenye kona ya kwanza aliinua kiganja bila kugeuka, yote yakasimama. Nilimwona akiinama kumsalimia muuza miwa, akichuchumaa, akiandika. Walikaa pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Baadaye simu yangu ikalia. Ujumbe wake ulisema muuza miwa anaitwa Anyosisye, anakaa pale tangu saa mbili mpaka jua linapopungua, upande wa nje, na ana muwa wangu, nipitie nikitoka kazini.

Nikamjibu kwamba jua ni kali, avae kofia.